Vijana Wale Wanamchezea Nani? Uanaume na Undugu wa Waaborijini Jukwaani

Kila baada ya miezi michache video ile hurudi kwenye makundi yetu ya WhatsApp, ubora ukiwa umepungua kidogo zaidi kila inaporushwa. Vijana wa kiume, weusi, vifua wazi, miili imepakwa udongo mweupe, wanaingia kwa hatua nzito kama watu wanaoanza ngoma ya kimila. Unajiandaa kuisikia ngoma yenyewe. Badala yake spika zinatoa muziki wa Zorba, ule wa Kigiriki unaoanza taratibu kisha ukashika kasi mpaka mchezaji akose pumzi, na vijana wanaupokea kana kwamba ulitungwa kijijini kwao. Watazamaji wanapiga kelele za furaha.

Mara ya mwisho ilipofika kwenye kundi la ukoo wetu, maoni hayakuchelewa. "Hawa ni Waafrika wa nchi gani?" "Utamaduni umewaisha, sasa wanaiga Wazungu." Shemeji yangu mmoja akaandika kwamba mwanamume mzima hajipaki unga. Nilianza kujibu kwa ujumbe wa sauti, nikafika dakika ya saba nikiwa bado kwenye utangulizi. Nikaufuta. Hili hapa ndilo jibu lenyewe.

Wale vijana ni Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa bara la Australia. Wanatoka Galiwin'ku, kwenye kisiwa cha Elcho, kaskazini kabisa, katika eneo liitwalo Arnhem Land. Kundi lao liliitwa Chooky Dancers. Baadaye likajiita Djuki Mala. Video iliwekwa YouTube mwaka 2007 na baba wa kijana aliyekuwa akiwaongoza, ikatazamwa mara zisizohesabika. Kwa nini walichagua Zorba, nitafika huko. Kwanza tufungue maneno, maana nusu ya mkanganyiko imelala kwenye maneno.

"Waaborijini" si kabila. Ni jina pana kama tunavyosema "Waafrika". Waingereza walipoanzisha koloni lao pale Sydney mwaka 1788, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, kila moja na watu wake na nchi yake. Mnoongar wa kusini magharibi na Mwayolngu wa Arnhem Land wanatofautiana kama Mzaramo na Mluo, pengine zaidi. Wako pia wenyeji wa visiwa vya mlangobahari wa Torres, ambao hujitambulisha kwa jina lao wenyewe. Kwa sensa ya 2021, watu 812,728 walijiandikisha kuwa Waaborijini, au wa visiwa hivyo, au vyote viwili: asilimia 3.2 ya Waaustralia wote. Wengi wanaishi mijini. Wapo weusi tititi na wapo weupe wenye nywele za dhahabu, kwa sababu Uaborijini ni suala la ukoo na kukubaliwa na wenzako, halipimwi kwa rangi ya ngozi.

Na si Waafrika. Wazee wao walitoka Afrika, ndiyo, kama wazee wa Wachina na wa Wanorwe, lakini wamekaa Australia kwa zaidi ya miaka 50,000. Weusi wao haukuletwa na jahazi la watumwa. Hata hivyo, kwa wanaopenda kutafuta ujamaa, kuna jambo moja la kweli: mwaka 1944 askari wa jeshi la anga la Australia aliokota sarafu kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, katika mlolongo wa visiwa vya Wessel unaoanzia karibu na Elcho kwa vijana wetu. Tano kati ya sarafu hizo ni za Kilwa. Kilwa hii hii yetu. Zilifikaje huko, wanahistoria wanabishana hadi leo. Kinachojulikana ni kwamba Wayolngu, wenyeji wa eneo hilo, walifanya biashara ya majongoo bahari na mabaharia Waislamu kutoka Makassar kwa vizazi kadhaa, hadi serikali ilipoifunga mwaka 1907, na katika lugha yao fedha ni rrupiya. Bibi yangu naye aliita rupia.

Sasa uanaume. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, kwa kuwa kimetenganisha uume na uanaume. Uume ni mwili, mtoto anazaliwa nao. Uanaume ni yale jamii inayomtaka mwenye mwili huo ayatende, ayaseme, ayavumilie. Ndiyo maana mtu anaweza kuulizwa "wewe mwanamume gani?" na kila aliyepo akaelewa kwamba swali halihusu maumbile. Kinachofundishwa kinaweza kusahaulika, kinaweza kuharibiwa na mwingine, na kinaweza kufundishwa upya. Shikilia hilo.

Undugu nao tunaujua, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa. Mwandishi anayewaandikia Wazungu hulazimika kueleza kwa kurasa mbili jinsi mtu anavyoweza kuwa na baba wanne. Wewe una baba mkubwa na baba mdogo, una mama mkubwa na mama mdogo, na watoto wao ni ndugu zako, tena ukiwaita mabinamu nyumbani unaweza kukaripiwa. Mfumo wa Wayolngu ni hivyo hivyo, umekazwa zaidi. Ndugu wa kiume wa baba ni baba, bäpa kwa lugha yao (usikimbilie kuandika makala kwamba wametoka Bagamoyo). Dada wa mama ni mama. Kaka wa mama ana jina lake, ng'apipi, kama mjomba wetu. Ndugu wa kiume ni wäwa, na kijana mmoja anaweza kuwa na akina wäwa hamsini bila yeyote kuona ajabu. Kaka na dada wakishakua huwekeana haya: hawataniani, hawatajani majina ovyo, umbali wenyewe ndio heshima.

Juu ya hayo, ulimwengu wote wa Wayolngu umegawanyika mara mbili, Dhuwa na Yirritja. Watu, wanyama, miti, pepo za bahari, nyimbo, kila kitu kina upande. Mtoto hufuata upande wa baba na huoa upande wa pili. Kuoa upande wako mwenyewe ni kama kumwoa dada yako. Mwaka 2010 wale vijana wa Galiwin'ku walishiriki onyesho kubwa la jukwaani lililohusu jambo hilo hasa: mapenzi ya vijana wawili ambao, kwa mfumo huo, hawaruhusiwi kupendana.

Mgawanyo huu ndio ufunguo wa neno la tatu, onyesho. Ngoma kule ina wenyewe. Wimbo fulani ni wa ukoo fulani, unasimulia nchi ya ukoo huo, na kuucheza bila haki ni sawa na kulima shamba la mtu. Lakini wenye ngoma hawajisimamii. Wanaosimamia ni wapwa zao, watoto waliozaliwa na wanawake wa ukoo ule na ambao kwa hiyo ni wa upande wa pili. Hao ndio huhakikisha rangi zimepakwa sawasawa, hatua hazikurukwa, aliyekosea amerekebishwa. Ukiwahi kuona watani walivyo na sauti kwenye msiba wa Kitanzania, wenye nyumba wamekaa kimya huku watani wakiamrisha, unapata picha kwa mbali. Kwa hiyo kijana anapoingia uwanjani kucheza, pale amesimama kama mtoto wa fulani, mpwa wa fulani, ndugu wa hawa walio kushoto na kulia kwake, na kila mmoja wao ana haki ya kumwambia kitu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunadhani kwanza mtu anakuwa mwanamume, shupavu na kamili, kisha anajiunga na wenzake kuunda udugu. Kwa watu hawa mpangilio ni wa kinyume. Undugu unatangulia. Uanaume ni kile unachokipata ukishajua ni nani mwenye haki ya kukurekebisha.

Kuna ngoma ambazo mimi na wewe hatutaziona kamwe, na ni sawa. Jamii nyingi za Waaborijini zina mambo ya wanaume na mambo ya wanawake, kila upande na siri zake, na tohara ya wavulana katika jamii za kaskazini na katikati ya bara ni sehemu ya hayo. Kusini mashariki, mahali ambapo leo ni Sydney, hawakuwa wakitahiri. Mvulana aling'olewa jino la mbele. Aliyepitia jando anaelewa bila kuelezwa kwa nini siendelei. Halafu kuna ngoma za hadhara, ambazo watoto na wageni hukaribishwa. Na kuna tabaka la tatu, ambalo ndilo linaloleta utata mitandaoni: jukwaa la kisasa, filamu, uwanja wa mpira, simu. Vijana huchukua kile kinachoruhusiwa kutoka, wakakichanganya na mengine. Walioko nje hudhani hilo tabaka la tatu ni mabaki ya lile la kwanza. Ni kazi nyingine kabisa, na imezaliwa na jeraha.

Jeraha lenyewe lina historia. Tuchukue Queensland peke yake. Sheria ya mwaka 1897 iliwapa maofisa wa serikali mamlaka juu ya Waaborijini: waishi wapi, waajiriwe na nani, hata ndoa zao zikaingizwa chini ya ruhusa ya serikali. Kwenye mashamba ya ng'ombe, mtu mwenye wajukuu aliitwa "boy". Neno hilo halihitaji tafsiri kwetu. Lilishuka pwani hii likawa "boi", na wapo wazee walio hai walioitikia jina hilo kwa waajiri wao. Kubwa kuliko yote, katika karne ya 20 watoto walichukuliwa na serikali na makanisa wakalelewe kizungu, sera iliyoendelea kwa takriban miaka 60, mpaka karibu 1970. Ripoti ya kitaifa ya 1997 ilikadiria kwamba kati ya mtoto mmoja kwa kila kumi na mmoja kwa kila watatu aliondolewa kwao. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008.

Fikiri maana yake kwa mfumo ule niliouelezea. Mvulana aliyeondolewa akiwa na miaka miwili hana mjomba wa kumpeleka mwituni, hana wapwa wa kusimamia ngoma yake, hajui upande wake. Na baba aliyeachwa nyuma ni mwanamume aliyeshindwa kumzuia polisi asimbebe mwanawe. Watu wanapouliza kwa nini wanaume wa Kiaborijini "wana matatizo", ningependa wakae kidogo na picha hiyo ya baba mlangoni.

Matatizo yapo, sitayaficha. Waaborijini na wenzao wa visiwa vya Torres hawafiki asilimia nne ya watu wa nchi, lakini ni takriban theluthi moja ya wafungwa wake. Tume ya kifalme iliyochunguza vifo vya Waaborijini 99 waliofia mikononi mwa polisi na magereza katika miaka ya 1980 iligundua kwamba 88 kati yao walikuwa wanaume. Ilitoa mapendekezo 339 mwaka 1991, na vifo havijakoma. Kujiua miongoni mwa vijana ni janga kubwa kuliko kwa Waaustralia wengine. Na upo ukatili dhidi ya wanawake na watoto.

Kuhusu ukatili huo kuna dhana inayopendwa sana: kwamba ni utamaduni wao. Mwaka ule ule wa 2007 video ya Zorba ilipotoka, serikali ya Australia ilitangaza hatua za dharura katika Jimbo la Kaskazini, ikisema inawalinda watoto. Wanajeshi walipelekwa, sheria ya kuzuia ubaguzi wa rangi ikasimamishwa kwa ajili ya hatua hizo, na mabango yakasimikwa kwenye maingilio ya vijiji yakipiga marufuku pombe na picha za ngono. Kila mwanamume aliyeishi nyuma ya bango lile alikuwa ameshahukumiwa. Mwaka uliofuata, Julai 2008, mamia ya wanaume wa Kiaborijini walikusanyika Inteyerrkwe, karibu na Alice Springs, wakatoa tamko la kuwaomba radhi wake zao, mama zao na watoto kwa maumivu yaliyosababishwa na wanaume, wakadai pia mahali pa wanaume kupata tiba. Walizungumza kama wenye utamaduni unaowadai. Habari hiyo haikusafiri kama zile za mabango.

Na sasa jukwaa. Tamthilia ya kisasa ya Waaborijini ilipamba moto miaka ya 1970, pamoja na harakati za kudai ardhi. Mwaka 1971 Jack Charles na Bob Maza walianzisha kikundi cha Nindethana mjini Melbourne. Mwaka uliofuata Redfern, mtaa wa Sydney, ukapata ukumbi wake wa maigizo ya weusi, na mwaka 1975 ukumbi huo ukaonyesha The Cake Man, mchezo ambao Robert Merritt aliuandika akiwa gerezani. Kiini chake ni baba asiye na kazi kwenye kambi ya misheni, anayejaribu kurudisha heshima mbele ya mke na mwanawe. Haukuwa mchezo wa mikuki. Ulikuwa wa mwanamume mwenye aibu ya kutoweza kulisha nyumba, aibu ambayo kwenye baa hugeuka ngumi, na ambayo jukwaani, labda kwa mara ya kwanza, iligeuka maneno.

Jack Charles ninampenda kipekee. Alizaliwa 1943, akachukuliwa angali mchanga, akalelewa kwenye makao ya wavulana Box Hill ambako alikuwa peke yake Mwaborijini, bila kujua kwamba ana ndugu. Akawa mwigizaji, mwizi wa majumbani, mtumiaji wa heroini, mfungwa mara nyingi, na mwanamume aliyependa wanaume bila kuficha. Uzeeni alisimama mbele ya watu kwenye onyesho lake Jack Charles v The Crown, akifinyanga chungu kwa ustadi alioupata gerezani, na kusimulia yote hayo kwa mzaha na sauti nzito ya kifalme. Kisha alikwenda magerezani kuzungumza na vijana. Australia nzima ilimwita Mjomba Jack, kwa heshima ile ile ambayo sisi tungesema Mzee. Sidhani ni jina tu. Mtoto aliyekulia bila mjomba aliishia kufanya kazi ya mjomba kwa wavulana asiowajua. Alifariki Septemba 2022, na familia yake iliruhusu jina na picha yake viendelee kutumika. Ninalitaja hilo kwa sababu jamii nyingi za huko huepuka kutaja jina la marehemu, na filamu zao huanza na onyo kwa watazamaji.

Kwa upande wa dansi, jina kubwa ni Bangarra, neno la Kiwiradjuri lenye maana ya kuwasha moto. Kampuni hiyo ilizaliwa 1989, na mmoja wa waasisi wake ni Carole Johnson, mchezaji dansi Mmarekani mweusi aliyefika Australia kwa ziara mwaka 1972 akabaki kufundisha. Lakini iliyoipa sura ni familia moja ya Brisbane yenye watoto kumi na wawili. Stephen Page aliongoza sanaa ya Bangarra kuanzia 1991 hadi 2022. Kaka yake, David, alitunga muziki. Mdogo wao, Russell, alicheza. Jukwaa lao lilikuwa undugu wa damu ukifanya kazi hadharani: mmoja anapiga, mmoja anapanga, mmoja anaruka. Nao walilelewa mjini, hawakukulia kwenye ngoma za kimila. Walikwenda Arnhem Land kuomba kufundishwa, na mabwana wa ngoma kama Djakapurra Munyarryun wakawapokea. Yaani watoto wa mjini walipewa wajomba.

Mwaka 2000 Bangarra ilionyesha kazi yenye nusu mbili, moja ya wanawake na moja ya wanaume. Ile ya wanaume, Spear, baadaye ikawa filamu, 2015, Stephen akiiongoza na mwanawe Hunter akiwa mhusika mkuu: kijana anayetembea kati ya nchi ya wazee na barabara za jiji, akikutana njiani na wanaume wa kila aina, walevi, wafungwa, waliokata tamaa, wanaocheza. Karibu hakuna mazungumzo. Ukiitazama ukitafuta hadithi utachoka. Itazame kama unavyotazama vijana wa jando wakirudi mtaani, ukisoma miili.

Wakati filamu inatoka Russell alikuwa ameshafariki, tangu 2002. David alifuata 2016. Stephen aliendelea kutunga dansi katikati ya misiba ya ndugu zake, na ninaamini kazi za Bangarra zilizobaki akilini mwa watu haziwezi kutenganishwa na hilo.

Kuna mchezo mwingine unaogusa msiba wa namna hii moja kwa moja, Brothers Wreck wa Jada Alberts, ulioonyeshwa kwanza Sydney mwaka 2014. Kijana wa Darwin, Ruben, amepoteza binamu yake kwa kujiua. Binamu kwa hesabu ya Wazungu. Kwa hesabu yetu na yao, ndugu. Ruben anakunywa, anapigana, hataki kusema. Mchezo mzima ni ndugu na jamaa kumzunguka bila kumwacha, hata anapowatukana. Hakuna anayemwambia "kaza, wewe ni mwanamume". Wanabaki tu pale barazani, mvua ya Darwin ikinyesha, mpaka azungumze. Nimehudhuria misiba mingi ambapo vijana wa kiume walipewa kazi ya kuchimba kaburi na kubeba maturubai ili wasipate nafasi ya kulia. Sijui kama tuliwasaidia.

Shemeji yangu anayeona udongo mweupe kama unga angepaswa pia kujua habari za Adam Goodes. Goodes, wa watu wa Adnyamathanha, alikuwa nyota wa mpira wa Kiaustralia na Mwaustralia wa Mwaka 2014. Tarehe 29 Mei 2015, katika raundi ya kuwaenzi wenyeji asilia, alifunga goli dhidi ya Carlton, akapiga hatua chache za ngoma ya vita mbele ya mashabiki wa wapinzani, akarusha mkuki wa hewani. Nchi ilitikisika. Uwanja baada ya uwanja ulimzomea, na mwisho wa msimu akaacha mpira. Ajabu ni kwamba Waaustralia hao hao huwashangilia Wanyuzilandi wanapocheza haka, ngoma ya Wamaori, wenyeji wa New Zealand, kabla ya mechi za raga. Na jambo ambalo wengi waliomzomea hawakulijua: ngoma ile Goodes aliichukua kwa wadogo zake, wavulana wa Flying Boomerangs, timu ya vijana wa Kiaborijini. Kaka mkubwa alikuwa akiwaonyesha wadogo kwamba walichokibuni kinafaa kuonekana uwanja ukiwa umejaa. Mwaka 2019 ligi na klabu zake ziliomba radhi.

Turudi kwenye lile la kuiga Wazungu. Vijana wa Lamu na Mombasa walipoanza kucheza beni, kwa tarumbeta, sare za kijeshi na vyeo vya kubuni, wapo wakoloni waliocheka kwamba weusi wanaigiza mabwana zao. Leo tunajua zilikuwa jumuiya kamili za kuzikana, kushindana na kupeana hadhi pale ambapo mkoloni alikuwa amewanyima. Djuki Mala wamecheza Bollywood na Michael Jackson kwenye onyesho moja na ngoma za koo zao, na hakuna mzee wa Galiwin'ku atakayechanganya kipi ni kipi. Tazama tena miguu yao kwenye video. Muziki ni wa Kigiriki, lakini goti, kisigino, jinsi mwili unavyokaa chini karibu na ardhi, hivyo vilifundishwa na bäpa na ng'apipi. Na tazama nyuso. Mwaka ambao serikali yao iliwatangaza wanaume wa jamii zao kuwa hatari, hawa walichagua kuchekesha.

Nao hawakumchezea mtalii. Dada wa kijana aliyekuwa akiwaongoza alikuwa akihudumiwa na mwanamke mwenye asili ya Kigiriki. Zorba ilikuwa shukrani ya kaka kwa mwanamke huyo.